Taa Zilizopunguzwa

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Mdogo wangu, ambaye tunashona naye nguo Kinondoni, husema nikiona wingu tu naanua mpaka nguo za jirani.

Tulipobadilisha taa za chumba cha ushonaji, fundi umeme alitaka kuzitupa pipani zile za zamani, zile ndefu za mrija. Nikamkatalia. Nilikuwa nimesoma kwamba zina zebaki ndani, na kwamba mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu, hata ya kusikia, hasa ya mtoto aliye tumboni. Nilipiga simu huku na huku mpaka nikapata kampuni ya taka za umeme upande wa Temeke. Wao huzisaga ndani ya mashine iliyofungwa. Vioo na vyuma hutumika tena, zebaki hutolewa peke yake. Ila gari lao haliji kwa mzigo mdogo. Nikaenda kwa mzee wa duka la dawa, jirani yetu, tukaunganisha za kwake na zetu. Zake zikasubiri dukani kwake, zetu kwenye kona ya chumba chetu, ndani ya maboksi, na mdogo wangu nikamwambia zisitupwe.

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, ambayo maduka hayafunguliwi mpaka watu wamalize kufagia. Nilichelewa. Nilipoingia nilimkuta mdogo wangu amefunga mlango na madirisha vumbi lisisumbue wapita njia, amepiga magoti na tumbo lake kubwa la ujauzito, anavunja taa kwa mpini wa fagio na kuzishindilia kwenye kiroba.

“Bwana afya yuko mtaa wa pili,” akasema. “Na wale wa mkokoteni wa taka hawabebagi kitu kirefu.”

“Si nilikwambia zisitupwe?”

“Sijazitupa, dada. Nimezipunguza tu, zikae vizuri.”

Nilimvuta nje kwa mkono, bila upole wowote. Nikafungua madirisha, nikazima feni. Kampuni ikaniambia kwa simu nisifagie kabisa: nisubiri hewa ibadilike, niokote vipande kwa kadi ngumu, unga niufute kwa kitambaa kilicholowa, vyote viingie kwenye ndoo yenye mfuniko. Nilifanya hivyo. Bwana afya alipopita akaisifu sakafu.

Mwaka uliotangulia mdogo wangu alikuwa amepoteza mimba, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Jumatatu nikampeleka kliniki. Tulimwamkia nesi, mama mtu mzima, tukamweleza. Akausikiliza moyo wa mtoto, akasema unadunda vizuri, na alichovuta mama huenda ni kidogo.

“Ni kidogo, au huenda ni kidogo?” nikamuuliza.

“Mwanangu, mie siwezi kupima mvuke wa juzi.”

Gari likaja baadaye, likachukua maboksi yaliyobaki pamoja na ndoo yetu. Mzee wa duka la dawa alifurahi kupata nafasi. Mimi sikupata raha yoyote.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, akalia mpaka wodi nzima ikamjua. Sasa ana meno mawili. Kila nikimpakata humpigia makofi nyuma ya kisogo, nione kama atageuka. Hugeuka, hucheka.

“Dada, anasikia huyo,” mama yake husema. “Muache.”

Namuacha. Mama yake akitoka kwenda kuanika nguo, napiga tena, upande wa pili.