Khisa Alivyolipiga Polishi Ini Lake

Pale Nakivubo, Kampala, kwenye safu ya viatu vya mitumba, Khisa anajulikana kwa mikono yake. Mpe kiatu kilichokanyaga matope ya nchi tatu, atakurudishia kiatu cha bwana harusi. Huziba ufa kwa gundi, hupaka polishi, kisha husugua mpaka uone meno yako. Mteja akitaka kukunja soli ili aone kama imepasuka, Khisa humuuliza habari za watoto. Ndiyo maana alipoambiwa damu yake itapimwa, alifanya kazi anayoijua.

Khisa ana homa ya ini aina ya B, ile ya kudumu. Ameishi nayo miaka mingi, anameza vidonge vyake na kuhudhuria kliniki bila matata. Mwaka huu kliniki ikaanza utafiti, naye akakubali kushiriki. Mtafiti alikuwa Helen, aliyekulia kambini kwa baba yake askari na kukipata Kiswahili chake huko huko. Siku ya kwanza alimtoa damu, kisha akamweleza Khisa na mkewe Nelima anachotafuta.

"Ndani ya ini iko vitu kidogo-kidogo, jina yake maikro-RNA," alisema. "Ini ikiumia, hiyo vitu namwagika kwa damu. Sisi natafuta huko, pengine itatuambia mapema, mbele ya ini kuharibika. Lakini bado tunajifunza. Mzee atarudi, tutatoa damu ingine, tutalinganisha."

Katika maneno yote hayo Nelima alisikia moja tu, kuumia. Kabla hawajafika kwao Kamwokya alikuwa ameshatoa hukumu: damu ikionyesha ini linaumia, wanarudi kijijini Webuye, Kenya. Shamba lipo, nyumba ipo, dada yake yupo.

"Kampala imekula ujana wako, Baba Valarie," alisema. "Ini lako haitalila."

Khisa akainama, akapangusa viatu vyake. Webuye anaipenda sana, hasa wakati wa Krismasi, na hasa siku ya kuondoka. Akafanye nini huko, apige ng'ombe polishi? Maisha yake yako Nakivubo, kwenye kelele na wateja wa kubishana nao. Aliogopa kung'olewa pale kuliko alivyowahi kuuogopa ugonjwa wenyewe.

Akampelekea shida yake Rajab, Mnubi wa Bombo anayeuza mikanda meza ya jirani.

"Damu kama iko chafu, watu ya kliniki naona," Rajab alimwambia. "Wewe safisha kwanza. Chemsha mululuza, weka na hii mizizi, kunywa."

Mululuza ni yale majani machungu ambayo Kampala huchemshwa kila mtu akihisi homa. Mizizi ndiyo ilikuwa fumbo. Rajab mwenyewe hakuijua kwa jina, alipewa na mtu aliyepewa na mtu.

Khisa hakuona kasoro. Nani anapeleka kiatu sokoni bila kukipangusa? Akawa anaitia dawa kwenye chupa ya chai na kuinywa mezani pake, ili Nelima asinuse kitu nyumbani. Ilikuwa chungu ya kumtoa mtu machozi. Tumbo liliposokota alifurahi, akajua uchafu unahama. Chakula kikamshinda, suruali ikaanza kumvuka, ikabidi Rajab amtobolee mkanda tundu jingine.

"Unaona?" Rajab alisema kwa fahari. "Uchafu natoka."

Nelima naye alikuwa na macho. Alipomwona mumewe anasukuma kando sahani ya ugali na omena, alikwenda jikoni. Alianza kufunga sufuria. Zikatangulia Webuye kwa basi, pamoja na godoro zuri.

Siku ya damu ya pili, Khisa alivaa viatu vyake vinavyong'aa kuliko vyote, akanyoosha mkono kama mtu anayepokea cheti. Majibu yalipotoka, Helen aliwaita wote wawili. Aliitazama kompyuta, akamtazama Khisa, akairudia kompyuta.

"Mzee, damu ya kwanza ilikuwa mzuri. Sasa ini napiga kelele. Hata kipimo ya kawaida imepanda. Unakunywa nini?"

"Chai."

"Na nini ingine?"

"Maji."

Nelima akauvuta mfuko wa mumewe, akatoa ile chupa na kuifungua. Helen alirudisha kiti nyuma.

"Ni mululuza na mizizi," Khisa alisema. "Nilitaka damu ipendeze."

Helen alicheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikamtoka usoni, akamwambia bila kupepesa kwamba mizizi hiyo ingeweza kuliua ini ambalo virusi vimeliacha hai miaka yote hiyo. Aitupe leo hii, aendelee na vidonge vyake, arudi kupimwa.

Nje ya kliniki Khisa alisubiri hukumu. Nelima alitembea hadi barabarani, akasimama.

"Mimi nilidhani shida ni Kampala," alisema. "Kumbe ni wewe. Sasa nikikupeleka Webuye, si nitakuwa nimehama na shida yenyewe?"

Akaanza kulia pale pale, kwa hasira na kwa woga wote aliokuwa ameufungia ndani ya zile sufuria. Khisa, bingwa wa kuuliza habari za watoto, hakupata la kuuliza. Alimshika mkono tu, watu wakawapita.

Wiki zilizofuata walipikia sufuria moja iliyobaki, maharage kwanza, chai baadaye, na chai ikawa na ladha ya maharage. Khisa hakuthubutu kulalamika. Aliporudi kupimwa, vile vitu vidogo vya Helen vilikuwa vimepungua damuni, karibu kama siku ya kwanza. Wataendelea kumwangalia, Helen alisema, na asije tena na chupa.

Jioni hiyo Khisa alimaliza ugali wake, akaifuta sahani kwa tonge la mwisho, akaomba mwingine. Nelima alimpakulia. Akachukua simu, akampigia dada yake.

"Zile sufuria zirudishe," alisema. "Huyu mzee bado anakula."