Mashine Nyuma ya Ubao

Shuleni aliishia darasa la nne, lakini vidole vyake vilifika mbali kuliko yeye. Kwa miaka thelathini na moja aliketi katika chumba cha kwanza cha korido iliyo nyuma ya mahakama, akiwachapia watu barua, maombi na viapo kwa mashine yake ya chuma. Maneno marefu hakuyajua yote maana, ila aliyajua sura, kama mtu anavyozijua nyuso za majirani. Watu walimwita Bi Chapa, naye akaitika kwa madaha.

Chumba cha pili kilikuwa cha wifi yake, kitinda mimba wa nyumba ya marehemu mumewe. Bi Chapa alimlea tangu hajang'oka meno ya utoto, akamfundisha kuchapa kwenye mashine hiyo hiyo, akamsukuma shule mpaka akarudi na cheti cha sheria. Sasa anawaandikia watu mikataba na wosia. Kati yao upo ubao mwembamba tu. Ukipiga chafya upande huu, upande ule wanakuombea afya.

Basi wifi mtu akaanzisha podikasti. Kila Jumatano saa nne asubuhi anafunga mlango, anatundika mablanketi ukutani ili sauti isivume, na moja ni lile alilopewa na Bi Chapa siku ya harusi yake. Kisha anaiongelesha simu: namna ya kusoma mkataba wa pango kabla hujatia sahihi, kwa nini wosia unataka mashahidi. Mwisho hasahau kusema, "Ukiwa na swali tupo nyuma ya mahakama, korido ya kijani, mlango wa pili."

Mlango wa pili! Bi Chapa akauuliza ubao, "Na wa kwanza ni choo?"

Haikupita miezi miwili, watu wakaanza kumiminika. Wanaingia kwenye korido wamekumbatia mafaili, wanahesabu milango kwa kidole. "Moja… mbili, hapa." Yeye ndiye akawa hiyo moja. Mwingine akakanyaga kizingiti chake, akaomba radhi, akarudi kinyumenyume kama aliyeingia kwenye chumba cha wagonjwa. Bi Chapa akatabasamu, na ndani roho inamchonyota.

"Mama, umemsikia wifi yako leo?" fundi cherehani wa mlango wa tatu alimchokoza. "Kanifundisha mkataba mpaka nimemtisha mwenye nyumba wangu."

"Simsikilizi. Namsikia, kwa sababu Mungu kanipa masikio na mwenye jengo kanipa ubao."

"Ila ana sauti, eh?"

"Sauti nilimpa mimi. Alikuwa mtoto wa kunong'ona yule. Ukimtuma chumvi, dukani wanamwambia sema tena."

Jumatano iliyofuata, wifi alipokohoa tu kusafisha koo, Bi Chapa akaingiza karatasi kwenye mashine. Hakuwa na barua ya mtu. Akachapa maneno ya kiapo ambayo vidole vyake viliyajua kwa moyo, akayarudia, akayarudia tena, taka-taka-taka, mstari ukiisha kengele inalia ngli! na kigari anakirudisha kwa kishindo. Mpaka saa tano kasoro hakupumua. Utepe wa wino ukatoboka. Akatazamia wifi atoke amefura, wagombane kwa raha, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu msiba.

Wifi akatoka, akamsalimu vizuri, akaenda zake kula.

Kimya kile kilimuudhi kuliko matusi. Jumatano ya pili akapiga zaidi, na ya tatu akaisogeza meza mpaka ikagusa ubao.

Ndipo akaja mama mmoja mwenye vumbi la safari miguuni, akasimama kabisa mlangoni kwake. "Samahani, hapa ndipo kwenye ile ofisi ya mashine?"

Moyo wa Bi Chapa ukaruka. "Ndipo! Karibu, keti."

Mgeni akaketi, akaangaza macho. "Na yule dada wa podikasti yuko wapi?"

Bi Chapa akamwonyesha mlango wa pili kwa kidevu. Mgeni alipotoka tu, akamwita fundi. "Hebu niambie, wifi yangu anasema nini kuhusu mashine?"

Fundi akacheka mpaka sindano ikamtoka mdomoni. "Mama hujui? Kila wiki anasema, mnaisikia hiyo? Ofisini kwetu kazi haisimami. Watu wanaipenda! Wanasema wakiisikia wanajua hapa pana kazi kweli, si maneno matupu."

Kumbe ngoma anapiga yeye, anayetuzwa mwingine!

Jumatano ya nne akaifunika mashine kitambaa, akakunja mikono. Upande wa pili wifi alianza, akasita, akaanza upya. Ya tano hivyo hivyo. Kabla ya ile ya sita, mlango wa Bi Chapa ukagongwa.

"Wifi, mashine imeharibika?"

"Nzima."

"Mbona kimya? Watu wananiandikia, wanaiulizia."

"Waambie imeolewa."

Wifi akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa, kama zamani. "Najua ulikuwa unapiga makusudi. Hakuna barua ya saa nzima isiyo na nukta."

"Na wewe ukajua ukanyamaza, ukanigeuza kipaza chako. Hata kunitaja hukunitaja! Miezi yote hiyo, mlango wa pili, mlango wa pili. Nani alikushika vidole hivyo?"

Wifi akainamia viganja vyake. Alipojibu, ile sauti ya podikasti haikuwepo. Ilikuwa ile ya kutumwa chumvi. "Ningekutaja wangeishia kwako. Wewe ukimwangalia mtu tu anakumwagia shida zake zote. Mimi lazima niongee saa nzima na simu ndipo aje."

"Sema tena."

"Nilikuonea wivu, wifi."

Bi Chapa akageukia dirishani ili uso wake usionekane. Tangu korido ile ipakwe kijani hakuwahi kuambiwa neno tamu kama hilo. Akalinyonya kama peremende, halafu akasema kwa ukali, "Jumatano unitaje. Unitaje mwanzo, si mwishoni watu wakiwa wamezima."

Jumatano ikafika. Kupitia ubao akasikia: "Anayepiga hiyo mashine ni wifi yangu, ndiye aliyenifundisha kazi. Mlango wa kwanza." Akachapa barua ya kweli siku hiyo, polepole, kengele ikilia kwa adabu.

Alasiri mzee mmoja akachungulia na karatasi zake. "Hodi. Hapa ndipo kwa wifi yake yule dada wa podikasti?"

Bi Chapa akaweka miwani puani, akamtazama kutoka unyayo hadi kofia.

"Keti," akasema. "Na kabla hatujaandika chochote tuelewane. Yule ndiye wifi yangu mimi."