Jina la Mama Sikudhani Gazetini

Kabla hajawa mwandishi wa habari, Zuleha Halfani alikuwa mpiga chapa katika duka la steshenari jirani na stendi ya mabasi ya Dodoma, na hapo ndipo ugonjwa ulipomwingia. Miaka ile magazeti ya watu binafsi yalikuwa yanaota kama uyoga. Leo linazaliwa, kesho linakufa, na kila moja lilitaka mtu wake Dodoma, hasa Bunge linapokaa. Watu wenyewe hawakuwa na mashine. Walimletea Zuleha habari zimeandikwa ovyo kwenye karatasi za daftari, naye akazipiga chapa, akazinyoosha pale zilipochechemea, zikaenda Dar es Salaam kwa faksi. Gazeti lilipofika alizikuta sentensi zake mwenyewe zimekaa chini ya majina ya wanaume, na ilimuuma. Apike yeye, wale wengine?

Mwaka tisini na saba, mwaka ule wa njaa, gazeti moja jipya lilitangaza mafunzo ya wiki mbili kwa waandishi wa mkoani. Walimu wangekuwa Wambura, mwandishi aliyekwisha kuzoa tuzo mpaka akaacha kuzihesabu, na Gaudence, mpiga picha ambaye picha zake zilitundikwa hata kwenye kuta za wazungu. Mafunzo yakiisha, mwanafunzi mmoja angeajiriwa kuwa mwandishi wa gazeti hilo Dodoma. Zuleha aliomba ruhusa kwa mwenye duka, akanyimwa, akaenda hivyo hivyo. Baba yake hakumzuia, wala hakumbariki. Mzee Halfani alikuwa mtu wa mjini kwa asili, mjukuu wa wale waliofuata misafara ya biashara wakabaki kuuza vitambaa, na kwake kazi ilikuwa ile ambayo mtu anaweza kuishika kwa mkono na kuikunja.

Walifundishwa katika ukumbi wa kukodi kule Kizota, katikati ya karakana, hivyo Wambura alilazimika kushindana na mashine za kuchomelea. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye kalamu nyekundu. Ukimpa habari ya kurasa mbili alikurudishia mistari sita, na pembeni ameandika: nani kasema? Aliwaambia habari isiyo na mwenyewe ni umbeya, na umbeya sokoni unapatikana bure. Lakini aliwaambia pia, tena zaidi ya mara moja, kwamba mtu hutajwa gazetini kwa ridhaa yake, na ridhaa huombwa kwa mdomo, haidhaniwi. Hili watu husahau wanapotaka kumlaumu Wambura. Alilisema, na Zuleha aliliandika kwenye daftari lake akalipigia mstari.

Gaudence alikuwa mpole kuliko mwenzake. Aliwafundisha kuchuchumaa, kungoja, kumwacha mtu asahau kamera. Alisema filamu ina picha thelathini na sita tu, kwa hiyo tazama kwanza, bonyeza baadaye. Alipoona Zuleha ana jicho, alimwazima kamera yake ya zamani kwa ajili ya jaribio la mwisho. Jaribio lenyewe lilikuwa hili: siku nne, kila mtu aende anakojua, arudi na habari moja ya njaa na picha moja. Wenzake walikimbilia ofisi za wakubwa. Zuleha alipanda basi la Kondoa, kisha akadandia lori la kuelekea Busi.

Alikwenda kwa mama yake mdogo. Mama mzazi wa Zuleha alikuwa Mrangi wa huko, na alipofariki, Zuleha akiwa na miaka saba, mdogo wake Sikudhani ndiye aliyembeba. Zuleha aliishi kwake miaka sita, akalelewa pamoja na watoto wake kama wa tumbo moja, mpaka baba alipomrudisha mjini kusoma. Kwa baba alikuwa binti wa mke wa kwanza aliyekufa, katika nyumba iliyojaa watoto wa mke wa pili. Kwa Sikudhani alikuwa mtoto, basi. Nyumba aliyoweza kuingia bila kubisha ilikuwa hiyo moja tu duniani. Ilikuwa katika kijiji kidogo mbele ya Busi, ambacho hatukitaji hapa, maana majina yamekwisha kutajwa ya kutosha.

Sikudhani, mjane sasa, alimpokea kwa ugali wa uwele na mlenda, akaomba radhi kwamba ni mdogo. Zuleha alikaa jikoni kama zamani, miguu ameinyoosha, na huko ndiko mama yake mdogo alikotua mzigo. Alikuwa mjumbe wa kamati ya kugawa mahindi ya msaada. Yalifika magunia sitini. Yaliyogawiwa watu ni thelathini na mawili. Mengine yalilala kwa mwenyekiti wa kijiji na alfajiri yakapakiwa kwenye gari la mfanyabiashara. Yeye na wajumbe wenzake waliwekewa karatasi, wakaambiwa watie sahihi ya magunia sitini, wakatia. Alisema tangu siku ile chakula hakishuki vizuri. Alimwambia mtoto wake, jikoni, kama mtu anavyomwambia mtoto wake.

Asubuhi Zuleha alitoa kamera. Sikudhani akacheka, akamwambia subiri, akaingia ndani akavaa kanga mpya. Aliamini ni picha ya ukumbusho. Alisimama mlangoni, nyuma yake ghala tupu la nafaka, na Zuleha akachuchumaa kama alivyofundishwa, akangoja, mpaka tabasamu likaisha na uso wa njaa ukarudi. Hapo akabonyeza. Sikudhani akamwomba nakala moja ya kuweka ukutani.

Kizota, Zuleha aliandika mara ya kwanza bila jina: mjumbe mmoja wa kamati. Karatasi ilirudi na wino mwekundu. Wambura alimwita pembeni. Alisema tangu aanze kufundisha hajawahi kuletewa habari kama hii na mwanafunzi, lakini haiwezi kutoka ikiwa na mjumbe asiye na sura, mwenyekiti angeikana kabla ya saa sita.

"Huyu mama amekubali kutajwa?" aliuliza.

Zuleha hakuwa ameuliza. Angeweza kusema hivyo. Angeweza kusema huyu ni mama yangu, nipe siku mbili nirudi. Lakini siku zilikuwa zimekwisha, na kulikuwa na jambo jingine ambalo Wambura, mtu wa kutoka Mara, asingelijua. Kwao Zuleha, mtoto haombi ruhusa ya vitu vya mama yake. Huchukua chungu, huchukua kanga, huchukua mboga iliyoanikwa kwenye kamba, mama akirudi anakuta kimechukuliwa na hasemi neno. Zuleha alilihesabu na jina humohumo.

"Amekubali," alisema.

Habari ilitoka ukurasa wa kwanza, na picha ya Sikudhani katika kanga mpya, na jina lake lote, na la marehemu baba yake. Ukumbini walimpigia makofi. Gaudence alimwachia kamera moja kwa moja. Zuleha aliajiriwa, na kwa mara ya kwanza sentensi zake zilikaa chini ya jina lake.

Kijijini gazeti lilifika baada ya siku tano, likasomwa kwa sauti dukani. Ofisa mmoja alikuja na gari, akakaa saa tatu, akala kuku kwa mwenyekiti, akaondoka. Kisha ukaitishwa mkutano. Wajumbe wengine waliapa hawakuona lolote. Sikudhani alipoulizwa, angeweza kusema mtoto amezua, na kila mtu angependa iwe hivyo. Hakusema. Alisimama akasema maneno ni yake. Alitolewa kwenye kamati, na msaada ulipokuja tena, jina lake halikuwamo katika orodha. Mvua zilipoanza alipika togwa ya kuwaita majirani wamlimie kwa zamu, kama ilivyo desturi, na hakuja hata mmoja. Togwa ilichacha mtungini. Alilima mwenyewe, alipoweza.

Haya Zuleha aliyasikia kwa baba yake, aliyeyasikia sokoni kwa wauza alizeti wa Kondoa. Ungedhani angepanda basi siku ileile. Hakupanda. Kulikuwa na Bunge, kisha mafuriko, kisha mgomo wa wanafunzi. Mtu mwenye aibu hakosi shughuli. Alituma sukari, ikapokelewa bila salamu za kurudi. Mwaka ukapita. Wambura akapiga simu kutoka Dar es Salaam kusema ile habari ya mahindi imepata tuzo, njoo uvae vizuri. Alikwenda, akapewa cheti ndani ya fremu, akapigwa picha na watu wazima wa kazi ile wakamwita mwenzao. Usiku ule katika nyumba ya wageni alilia mpaka akatapika. Asubuhi hakurudi Dodoma kazini. Alipitiliza mpaka kijijini.

Alimkuta Sikudhani uani anapepeta. Alikuwa amekonda. Zuleha alimpa shikamoo, akaitikiwa vizuri. Akaletewa kigoda, kikafutwa vumbi kwa upindo wa kanga. Akaulizwa habari za safari, za baba, za mjini. Alipoinuka mwenyewe kwenda jikoni kuchota maji, Sikudhani alimwambia kaa tu mama, utaletewa. Hapo Zuleha alipiga magoti mchangani akaomba msamaha, akaeleza yote, kalamu nyekundu, siku nne, neno lile alilomjibu mwalimu.

Sikudhani alimsikiliza mpaka mwisho, ungo magotini.

"Ungeniuliza, ningekwambia andika," alisema. "Lilikuwa limenikaa kooni. Ningekupa na majina ya wenzangu. Wewe hukuniuliza, mwanangu. Ulinichukua."

Zuleha alisema alidhani kwa mama yake hahitaji kuuliza.

"Ndiyo," alisema Sikudhani. "Na mimi nilidhani kwa mtoto wangu sihitaji kuficha."

Hakukuwa na ugomvi. Chakula kiliiva, wakala, Zuleha akawekewa sahani yake peke yake. Lori la kurudi lilikuwa linapita alasiri. Miaka yote ile ya utoto, akitaka kutoka nyumba hiyo alikuwa anatoka tu, hakuna anayemsindikiza mtoto wa nyumbani. Siku hiyo Sikudhani alinawa mikono, akajifunga kanga ya pili, akamchukulia mfuko wake, akatembea naye polepole mpaka barabarani. Alingoja naye huko juani hadi lori likaja, akamshukuru kwa kuja, akamwomba awasalimie wote nyumbani kwao.