Nta ya Watu Baki

Kwa siku ya nne mfululizo Sangwian alishindana na mdomo wa mama yake, na kwa siku ya nne mdomo ulishinda.

Alikuwa ametoka sokoni saa nne asubuhi, miguu imemvimba, mikono inanuka tui. Hakuketi. Alipika uji wa mchele, akachambua kibua mwiba mmoja mmoja, akatia tangawizi kidogo, akaupuliza mpaka ukapoa. Kijiko kilipofika mdomoni, mama alikaza meno akageukia ukuta.

"Ondoka hapa, mwizi wewe. Nenda kasimame kwako!"

"Mama, ni mimi. Wian."

"Wian nani? Unanizibia watu. Ondoka!"

Wian akaweka bakuli chini. Kwa siku nne alikuwa ameitwa mwizi, mchawi na mzoga, na yote aliyameza, maana hakuwa na nguvu ya kuyatema. Kilichomtia hofu ni muuguzi wa zahanati aliyepita jana yake na baiskeli, akambana kikongwe ngozi ya mkono na kuitazama isivyorudi mahali pake.

"Shangazi, maji matone matone hayatoshi," alisema. "Asipokula hadi keshokutwa, tunampeleka mjini akawekewe mpira wa puani."

Wian aliujua mpira wa puani. Baba yake aliwekewa, na kwa kuwa alikuwa akiuchomoa, walimfunga mikono kwenye vyuma vya kitanda kwa vitambaa vyeupe. Alikufa amefungwa hivyo. Mama yake alipotoka wodini siku ile alimshika Wian bega, akamwambia, "Mimi usinipeleke." Wian akaahidi. Sasa ahadi ile ilikuwa imebakiwa na siku moja, na uji ulikuwa unaganda.

Mama yake, Thongyip, aliuza vitumbua vya tui miaka arobaini chini ya daraja la watembea kwa miguu katika soko la Bang Khonthi. Vilikuwa vizuri, siwezi kuvivunjia heshima, lakini vitumbua vizuri viko vingi, na nazi huko hazina mwenyewe. Watu hawakuvuka mifereji mitatu kufuata tui. Walifuata kuchekewa. Thongyip alimchekea kila mtu, polisi na mlevi, na aliyenunua na aliyepita tu, na kila mmoja aliondoka akidhani kachekewa yeye peke yake.

Na siri yake haikuwa siri. Mwaka alioanza biashara, mtawa mzee wa hekalu la nyuma ya mfereji alimpa kikopo cha bati kisichozidi kifuniko cha chupa. Ndani mlikuwa na nta ya nyuki iliyosomewa, yenye mafuta na maua ambayo hata yeye hakuambiwa ni maua gani. Unachota kwa kidole cha pete, unabana pumzi, unapaka midomoni, kisha ukisema neno linampendeza anayelisikia. Masharti yake yalikuwa matatu: asile mumunye, asipite chini ya kamba ya nguo, na asimtukane mtu mama yake. Thongyip aliyashika yote. Kikopo kilikaa kwenye kibindo chake, na watu walijua kuwa kiko pale, na bado walinunua.

Wian alikua akiijua nta ile kwa upande wake wa pili. Kila siku alikaa kwenye ngazi ya nyumba akimngoja mama. Thongyip angetokea kwenye njia ya minazi, chuma cha kukaangia vitumbua begani, akiwachekea majirani nyumba hadi nyumba. Akifika kwao, kabla hajavua hata ndala, alisimama kwenye mtungi wa maji, akanawa mdomo, akaufuta kwa ncha ya nguo yake mara mbili. Na pale pale uso ulianguka. Midomo ilishuka, macho yakazima. Aliingia ndani, akajinyoosha sakafuni, akasema, "Mguu unauma. Nisugue."

Hakuna siku Wian alichekewa kama mlevi wa sokoni. Aliliweka jambo hilo moyoni toka ana miaka sita, na alipofika hamsini na saba lilikuwa bado pale pale. Alirithi chuma cha vitumbua, akarithi na kipande cha uwanja chini ya daraja. Uso haukuwa urithi. Samniang, mwenye meza ya mashada ya maua pembeni yake, alikuwa akimwambia, "Wian, wewe mbu wenyewe wakikuona wanakwenda kuuma kwingine." Biashara ilikwenda kwa sababu tui lilikuwa lile lile.

Mchana ule Samniang alikuja na shada moja ambalo halikuuzika. Akalitundika kwenye rafu iliyokuwa juu ya kitanda cha mgonjwa, shingoni mwa Nang Kwak, yule mama wa plasta anayepiga magoti na kuwaita wateja kwa mkono. Soda yake nyekundu ya sadaka, na mrija ndani, ilikuwa imeshaingiwa na sisimizi.

"Hajala?"

"Hajala."

"Hata kitumbua?"

"Kitumbua ndicho alichokitupa ukutani. Kione kile."

Samniang akakiona. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya Nang Kwak, akatoa kikopo cha bati kilichojaa vumbi. "Basi mpe dawa yake mwenyewe."

"Una wazimu. Nijipake mvuto kwa mama yangu mzazi?"

"Watu wanaipaka kwa waume za watu, wala haya hawaoni. Wewe unataka mtu ale uji. Dhambi iko wapi hapo?"

"Samniang, mimi nimechoka. Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi, na wewe huchekeshwi. Paka! Ikikataa, kesho mpira upo tu."

Alipoondoka, Wian alikaa na kikopo mkononi kwa muda mrefu. Watu husema uchovu ni wa mwili. Waongo hao. Mwili wa Wian ungeweza kukaanga vitumbua mpaka kesho. Kilichochoka ni kule kuomba, kuomba kwa kijiko, kuomba kwa uji, na sasa aombe kwa nta aliyoionea wivu utoto wake wote. Aliona aibu ya peke yake, hakuna aliyekuwa akimtazama ila yule mama wa plasta.

Akafungua. Nta ilikuwa nyeusi, imepasuka katikati, imebaki ya kidole kimoja. Akachota kwa kidole cha pete, akabana pumzi, akapaka. Haikuwa na ladha yoyote. Kisha akafanya jambo lililomuuma mashavu kwa kutolizoea: akacheka, meno nje, kama mama yake chini ya daraja.

"Mama," akasema taratibu.

Thongyip akageuka kutoka ukutani. Macho yake yakamshuka Wian toka utosi hadi miguuni, na uso wote wa kikongwe ukafunguka. Moyo wa Wian ukaruka. Miaka hamsini na saba, jamani, ndiyo kwanza.

"Karibu, karibu dada yangu!" Thongyip alisema. "Mbona mapema hivyo? Nikupe vingapi?"

Moyo ukarudi ulipotoka. Kumbe alikuwa amechekewa kama mteja. Lakini meno yalikuwa wazi, na Wian hakuwa mtu wa kupoteza nafasi. Akapeleka kijiko. Kikongwe akakizuia kwa kiganja, bila ukali, huku akicheka.

"Aa, dada. Nile mimi kabla sijauza? Sijafungua, hata mtu mmoja. Unataka siku yangu ife?"

Wian akashusha kijiko.

Akatazama rafu iliyokuwa juu ya kitanda. Nang Kwak alikuwa pale na mkono wake wa kuita. Chuma cha vitumbua cha zamani kilikuwa kimetundikwa msumarini. Mlango ulikuwa wazi, na watu walikuwa wakipita njiani. Siku tano nyuma mama alikuwa ameteleza kwenye ngazi, naye Wian akamteremsha kutoka chumba cha juu akamlaza hapa chini, kwenye chumba cha mbele alikoweka vifaa vya biashara, na akajisifu kwa kumpunguzia ngazi. Hakumpunguzia kitu. Alikuwa amemrudisha sokoni. Kikongwe aliamka kila siku yuko kwenye meza yake, na kila siku mwanamke aliyenuna alisimama mbele ya bidhaa zake, akawazibia watu, akamlazimisha kula kabla hajauza.

Nani asiyeijua sheria ile? Wian mwenyewe hakuwahi kutia hata tone la maji mdomoni kabla ya mteja wa kwanza. Angekumbuka, kama angekuwa na nafasi ya kufikiri. Uchovu ulikuwa umekula na akili.

Akaweka kijiko bakulini. Akatoa noti ya kijani ya bahti ishirini kwenye aproni, akaishika kwa mikono miwili.

"Nipe kumi basi, mama. Mie ndiye wa kufungua."

Thongyip akaipokea, akaigusisha kwenye paji la uso. Halafu akaanza kupigapiga vitu vyake kwa noti ile: mto, shuka, ukingo wa kitanda, bakuli la uji, rafu alipofikia. "Uza, uza, heri, heri, viishe vyote, viishe mapema!" Alipomaliza vitu akampiga na mteja, puu, mkononi, kwa wema. Kisha akaiingiza noti kwenye kibindo, akafungua mdomo mwenyewe.

Akala. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tano. Wian alimlisha bila kupumua sawasawa, mashavu yakimuuma kwa kule kucheka asikozoea.

"Uji mzuri," kikongwe alisema. "Wa nani huu?"

"Wa pale mbele. Kula, mama. Una watoto wewe?"

Hakujua kwa nini aliuliza. Pengine ni kwa sababu mteja anaweza kuuliza lolote.

"Ninaye mmoja, wa kike. Mkali, huyo!" Thongyip alicheka. "Anakaa kwenye ngazi ananingoja. Ukimwona utadhani unadaiwa."

"Basi mpake kidogo ile nta yako. Naye akuchangamkie."

Kikongwe akaacha kutafuna. Akamtazama kama mtu anayemwonea haya mgeni aliyesema neno la kipuuzi.

"Nta hii ya watu baki, dada. Mtoto wangu nimchekee kwa dawa? Nikifika kwangu nanawa kwanza, pale pale mtungini, ndiyo naingia." Akameza. "Siku nzima nacheka. Nacheka na wale nisiowapenda, mpaka taya linagonga. Yule mtoto ndiye mtu pekee ninayeweza kumkalia na uso wangu. Nisingekuwa naye ningekuwa nimekufa zamani. Ongeza huo."

Wian akaongeza kijiko kingine. Miaka yote alikuwa amekaa kwenye ngazi ile akiona anaporwa kitu, kumbe ndiyo saa aliyokuwa anapewa. Alitaka kulia na alitaka kugomba. Usingeweza kuniambia hili, mama? Mara moja tu, nikiwa na miaka saba? Lakini mwenye kuulizwa alikuwa anakwangua bakuli.

Uji ulikwisha. Wian akatoka nje, akasimama kwenye mtungi. Akachota maji kwa kata, akanawa mdomo, akaufuta kwa ncha ya nguo mara mbili. Uso wake ukashuka wenyewe, bila kuambiwa, na ulivyoshuka ulipata nafuu.

Akarudi ndani na uso huo huo. Alijua anachokirudia. Akakaa tayari kuitwa mwizi.

Thongyip alimtazama, kichwa kikiwa juu ya mto. Kicheko cha sokoni kilikuwa bado kimembaki usoni. Taratibu akanyanyua ncha ya nguo yake, akajifuta midomo, mara moja, mara mbili. Na uso ukaanguka, kama ulivyoanguka kila jioni ya utoto wa Wian: midomo chini, macho yamezima, hakuna aliyebaki wa kupendezwa.

"Mbona umesimama, Wian?" alisema. "Mguu unauma. Nisugue."

Wian akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akauchukua ule mguu, mwepesi, wa mifupa mitupu, akausugua kutoka gotini kushuka. Hakujidanganya. Jua likichwa pengine, au kesho asubuhi, angekuwa mwizi tena, na itabidi atafute noti nyingine, apake nta iliyobaki ya kucha moja, afungue biashara isiyokuwepo, mara tatu kwa siku, kila siku. Na nta ikiisha atacheka hivyo hivyo kavukavu, maana mjini hampeleki.

"Na huo uso?" kikongwe aliuliza, macho yamefumba.

"Nimechoka, Mama."

"Hata mimi," Thongyip alisema.