Jicho Lililopumzishwa

Mramba wa Baya alikuwa mgema, na mgema hasa, si hawa wanaopanda mnazi mmoja wakashuka wanahema kama wamebeba jiwe. Pale Mtopanga, mwaka ule wa arobaini na mbili, vita vimepamba moto huko Ulaya, yeye alikuwa na minazi kumi na minane aliyoigema mara tatu kwa siku: alfajiri, adhuhuri na jioni. Kila mara alipanda na kotama, kisu cha mgema, kiunoni, akakata ncha ya karara linalofunga maua ya mnazi kipande chembamba tu ili tembo lisiache kudondoka, akamimina kilichojaa, akashuka. Mkewe Kafedha humngojea chini, akapokea kibuyu. Miaka ishirini na mmoja walikwenda hivyo. Jumapili Kafedha alikwenda kanisani Frere Town, akakaa benchi la nyuma kabisa, na wanawake wenzake walipomsema kwamba anakula kwa pombe aliwajibu, "Naam, na waume zenu ndio wanywaji." Hawakumsema tena.

Mambo yalianza kwa Mramba kugonga watu. Njiani alimpiga mzee Ruwa bega la kushoto kwa bega lake la kulia, mzee wa watu nusura aanguke, na maneno yakaenea kwamba Mramba sasa analewa tembo lake mwenyewe. Loo! Mgema kuambiwa mlevi! Mtu ambaye hajawahi kuonja hata funda kabla ya kushuka mnazi wa mwisho! Alikasirika siku tatu. Lakini Kafedha alikuwa amekwisha kumwona akinyoosha mkono kuchukua bakuli la uji na kulipita, akashika hewa.

Asubuhi moja alimkalisha kwenye kigoda mlangoni. "Tulia," akasema, akamfunika jicho la kushoto kwa kiganja. "Unaniona?"

"Nitakuonaje, na wewe umenifunika yote mawili?" akasema Mramba.

Kafedha akaondoa kiganja taratibu. Mkono wake wa pili alikuwa ameushika nyuma ya mgongo.

Wakaenda hospitali kisiwani, kwa miguu, wakapita daraja la Nyali lile linaloelea, Mramba akilalamika njia nzima kwamba minazi ya adhuhuri itamkosa. Daktari alikuwa mzungu, mtu mzima, mpole wa mikono. Alimwambia Mramba afumbe macho, akayabonyeza juu ya kope kwa vidole viwili, kwanza hili kisha lile, taratibu, jinsi mwanamke anavyobonyeza papai sokoni. Kisha akasogeza kidole chake kutoka upande mpaka mbele, akiuliza kimeonekana lini. Mfasiri alikuwa dresa mmoja, msaidizi wa kufunga vidonda pale hospitali, Phineas, kijana wa Frere Town ambaye Kafedha alimjua tangu anavaa kaptula za shule.

"Mzee," akasema Phineas, "daktari anasema ndani ya jicho mna maji, na maji hayo yamekosa pa kutokea. Sasa yanalisonga jicho kwa ndani. La kulia limekwisha. La kushoto limeliwa pembeni, katikati bado linaona. Kilichokufa hakirudi, usingoje kirudi. Dawa hii kazi yake ni kulinda kilichobaki."

"Nitatia mpaka lini?"

"Mpaka siku utakayozikwa. Tone moja, mara tatu kwa siku. Na ukishatia utaona kiza kidogo, na kichwa kitakugonga hapa juu ya nyusi. Usiogope. Dawa ndivyo ilivyo." Halafu akamgeukia Kafedha, akamkabidhi kichupa cha kahawia na kijibomba cha kioo chenye mpira kichwani. "Mama, mkono utakaotia ni wako. Akisahau yeye, wewe usisahau."

"Haki ya Mungu, sisahau," akasema Kafedha.

Na hakusahau. Miezi mitatu, alfajiri, adhuhuri na jioni, Mramba alilala chali juu ya mkeka, Kafedha akalivuta kope la chini akaangusha tone. Kila mwezi kichupa kilipokwisha alikipeleka kanisani, akampa Phineas nje ya mlango baada ya ibada, na Phineas akamletea kingine. Chupa tupu ndiyo iliyoleta chupa nyingine, maana siku zile za vita hata kioo kilikuwa adimu, na dawa yenyewe ilikuja kwa meli, ikifika.

Shida ilikuwa kile kiza. Phineas alisema kidogo, lakini yeye hapandi minazi! Alfajiri Mramba alitiwa tone lake, akapanda, na huko juu makuti na karara na mkono wake mwenyewe vyote vilikuwa rangi moja. Akakata kwa kupapasa. Asubuhi moja alipokuwa akishuka mguu ulikosa pengo la kukanyagia, akabaki ananing'inia kwa mikono miwili, na Kafedha chini akapiga ukelele uliowaamsha majirani. Alipofika chini kifua chake kilikuwa kimechunika chote. Akakaa kitako, akavua kotama.

"Mama Nyamvula," akasema, kwa jina la binti yao aliyeolewa Changamwe, "mnazi ukiugema mara tatu kwa siku, mwaka mzima, usiupumzishe, unakuwaje?"

"Unakonda," akasema Kafedha. "Mwisho unakufa kichwa."

"Haya. Na jicho je? Mara tatu kwa siku, kila siku, mpaka nizikwe! Yule bwana amesoma, sikatai, lakini habari ya mara tatu kwa siku hawezi kunifundisha mimi. Jicho limechoka. Ndiyo maana linaona kiza. Tulipumzishe, masika yapite, kisha tuanze tena."

Mnamcheka? Msimcheke. Hakuna mgema Mtopanga ambaye asingesema maneno hayo hayo, na asingeyasema kwa ujinga. Wameona kwa macho yao minazi iliyogemwa bila huruma ikibaki magogo. Kafedha naye alikuwa amebeba tembo miaka ishirini na mmoja, alijua kupumzisha mnazi ni nini, na maneno ya mumewe yakamwingia yakakaa. Tena alikuwa na hofu yake. Alikuwa amemwona akining'inia. Jioni ile hakutandika mkeka.

Basi siku ya pili tu Mramba akaanza kuona vizuri! Kiza kikaondoka, maumivu ya nyusi yakaondoka, akapanda na kushuka kama zamani. "Nilisema nini mimi?" akauliza watu wote, hata wasiomjua. Siku moja alimtazama mkewe akimenya muhogo, akaangua kicheko. "Kumbe umeota mvi, Kafedha! Na hukuniambia!"

"Mvi mwenyewe, jitazame kidevu!" akasema Kafedha, akamrushia ganda. Lakini moyoni alifurahi. Miezi mitatu hakuwa ametazamwa namna ile.

Tatizo likawa kile kichupa. Mwezi ulikwisha na kilikuwa kimejaa. Jumapili ilikuja, na Phineas angekuwa mlangoni pa kanisa akingoja chupa tupu. Kafedha angemwambia nini? Kwamba aliapa kwa Mungu na hakutimiza? Na kijana mwenyewe humsubiri kwa adabu, "Shikamoo mama, mzee anaendeleaje?" Asubuhi ile alikwenda nyuma ya jiko, akafungua kichupa, akamwaga dawa mchangani. Akakisuuza, akakifunga katika pembe ya leso, akaenda kusali. Phineas akampa kingine. Mwezi uliofuata akamwaga tena, na uliofuata, kila mara akisema huu ndio wa mwisho, maana masika yanakwisha.

Masika yakaisha. "Bado kidogo," Mramba akasema, "linaona vizuri, mbona haraka?" Kafedha alimkumbusha mara mbili. Mara ya pili Mramba akamuuliza kwa ukali, "Unataka nirudi kizani? Unataka nianguke?" Hakumkumbusha tena, na kila mwezi akazidi kumwaga.

Ugonjwa ule, ulaaniwe, hauna kelele. Hauumi, hauwashi, jicho halitoi hata tongo. Unakula pembeni kidogo kidogo na katikati unaacha, mtu anajiona mzima. Mwezi wa Desemba Mramba alikuwa akiuona ulimwengu kama anayechungulia ndani ya mdomo wa kibuyu. Usoni pa mtu aliona pua tu, akizungusha kichwa ndipo apate sikio. Alipoona taa imevikwa duara la rangi, mwenyewe akasema, "Twende kwa daktari."

Kafedha akamtia dawa siku ile ile, na siku iliyofuata, tone moja likaanguka shavuni. Januari wakavuka daraja tena, safari hii Mramba ameshika bega lake.

Daktari akabonyeza yale macho, akabonyeza tena, akatikisa kichwa. Akasema na Phineas kwa muda mrefu. Kwenye benchi kando ya ukuta alikaa mwanamke mmoja wa Kikamba, Nduku, mke wa kuli wa bandarini, naye jicho moja amelifunga kitambaa.

"Mzee," akasema Phineas, "daktari anauliza, matone ulikuwa ukitia?"

"Nikitia," akasema Mramba.

"Kila siku?"

"Kila siku, mara tatu. Mke wangu hajakosa hata siku moja." Akaelekeza kidole upande wa mkewe. "Muulizeni mwenyewe."

Kafedha alimjua mumewe. Alijua mtu huyu amedanganya kwa sababu moja, kwamba Phineas alimkabidhi yeye chupa, naye akaapa, na aibu ingekuwa yake. Mramba alikuwa ameisogeza aibu ile akaikalia. Sasa afanye nini, amwite mumewe mwongo mbele ya mzungu, mbele ya mwanamke wa watu asiyemjua? Aseme dawa iliyokuja kwa meli, watu wakifa baharini, yeye aliimwaga nyuma ya jiko? Phineas alikuwa akimtazama, macho ya adabu yale yale ya mlangoni pa kanisa.

"Ni kweli," akasema Kafedha. Sauti ilitoka ndogo.

Phineas akafasiri. Daktari akainamisha kichwa, akaandika. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Daktari anasema pole," akasema Phineas. "Kama ametia kila siku na jicho limezidi kuliwa, basi dawa hii haimfai. Na chupa zilizobaki ni chache, meli haijulikani itakuja lini. Lazima awape wale inaowasaidia. Kuna kisu, jicho hutobolewa kidogo juu ili maji yapate njia. Lakini jicho ni moja tu, na kisu kinaweza kulimaliza."

"Kisu sitaki," akasema Mramba.

Phineas akachukua kichupa cha kahawia, akampa Nduku. "Mara tatu kwa siku, mama," akamwambia. Nduku akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kikamba kisha kwa Kiswahili. Kafedha alikuwa amesimama karibu naye, angenyoosha mkono angekigusa. Nyumbani alikuwa na nusu chupa, ya siku kumi na tano labda. Akamshika mumewe mkono wakatoka.

Njiani Kafedha alisimama mara tatu. Mara ya kwanza penye lango la hospitali, akajisingizia jiwe limeingia kiatuni. Mara ya mwisho walipofika darajani. Kila mara Mramba alisimama naye, mkono begani, asiulize kitu. Kafedha akajiambia, kesho nitarudi peke yangu. Kesho yake akajiambia, Jumapili nitamweleza Phineas faraghani. Jumapili ikafika, Phineas akamwamkia, Kafedha akaitikia "Marahaba," akauliza habari za mama yake, akaenda zake nyumbani. Mwanamke aliyewanyamazisha wenzake kanisa zima alishindwa na kijana mmoja mwenye adabu!

Ile nusu chupa ikaisha. Masika yalipoanza tena Mramba alikuwa hajui kama kumekucha mpaka asikie majogoo. Minazi kumi na minane ikachukuliwa na Chengo, mgema wa Kisauni, kijana asiye mbaya, aliyewaletea kibuyu kimoja kila Jumamosi bila kuombwa. Mramba alikaa kwenye kigoda akimsikiliza akikata huko juu, na mara nyingine akapaza sauti, "Kata chembamba, Chengo! Chembamba!" Chengo akaitikia, "Naam, mzee."

Adhuhuri moja mvua ilikuwa imepusa kidogo. Kafedha alikuwa akipepeta mchele karibu na miguu ya mumewe. Akaacha. Miezi mitano alikuwa amelificha jambo lile, na sasa likatoka lenyewe.

"Baba Nyamvula, siku ile kwa daktari ningesema kweli, wangetupa dawa. Kale kamwanga kadogo ulikokuwa nako ungekuwa nako mpaka leo. Nilinyamaza kwa ajili yako. Sikutaka uitwe mwongo mbele ya mzungu."

Mramba aligeuza uso, akakosa mahali alipo mkewe, akauelekeza ukutani.

"Na mimi nilidanganya kwa ajili yako," akasema. "Uongo ulipokwisha kunitoka nikaogopa, lakini kuurudisha nikashindwa. Kila uliposimama njiani, Kafedha, nilisema moyoni, sasa atasema turudi. Nilikungoja mpaka tukavuka daraja."