Mkeka wa Shangazi

Huko Vava'u, visiwani Tonga, ukimwona Kalolaine na mwavuli wake wa maua, ujue utaulizwa tu. Jana nani alipika kwako? Nani alilala mchana? Alikuwa mwalimu mstaafu, na kikundi cha wanawake kilimpa kazi ya kutafiti kwa nini wanawake hawafiki kwenye uongozi wa vijiji. Majibu aliwapelekea wanaume kwenye vikao vyao vya kunywa kava, kinywaji cha mizizi, akawasomea bila kupepesa macho.

"Anakuja huyo!" walitaniana. "Semeni mmepika ninyi!"

Walimcheka, lakini walimpenda, kwa sababu naye aliwapenda.

Kila mwezi alifika kwa mdogo wake, Lisiate. Hapo hakuwa mtafiti, alikuwa shangazi wa watoto, na kwa mila za Tonga hakuna aliyekuwa juu yake nyumbani humo. Alitandikiwa mkeka bora kuliko yote na nyama nono ilikuwa yake. Lisiate mwenyewe, kwa mila hizo hizo, hakuthubutu kuketi chumba kimoja na dada yake. Alimsalimu kutoka mlangoni, macho chini, akarudi barazani kwa wenzake.

Jumamosi hiyo mke wa Lisiate, Pisila, alikuwa na jambo lake. Wasukaji mikeka wenzake walimtaka agombee uafisa wa kijiji, na alasiri wagombea wote walitakiwa kujieleza ukumbini. Asiyefika, jina lake linafutwa. Kalolaine alikuwa hajalala kwa furaha. Lakini Pisila alipoleta maji ya kunawa, nguo zake zilikuwa zile zile za jikoni, zinanuka moshi.

"Wifi, bado hujavaa?"

"Siendi, wifi."

"Lisiate kakukataza? Ngoja nikampe vidonge vyake!"

"Hajakataza."

"Basi ni nani? Nitajie, leo atanitambua."

Pisila akacheka kwa aibu, akaangalia pembeni.

"Ni wewe, wifi. Nikuache mkekani peke yako? Nani atakuhudumia? Kijiji kizima kitasema nimemtelekeza shangazi wa watoto."

Kalolaine akautazama mkeka aliokalia. Ilimuuma kwelikweli. Nyumba zote za Vava'u alikuwa ameziuliza maswali, na hii moja alikuja kula tu. Alimpenda Pisila tangu siku ya harusi, na mapenzi hayo hayakuwahi kuinua hata sahani moja.

Akasimama. Akavua mshipi wake wa kusukwa, vazi la heshima, akatoka hadi jiko la nje na kuchuchumaa mbele ya masufuria, akaanza kuyasugua.

"Wifi, utaniua! Watu wanaona!"

"Waone. Wewe kavae."

Kule barazani Lisiate aligeuza shingo, akamwona dada yake ana masizi hadi viwikoni. Aliruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Dada! Acha, nakusihi!"

"Siachi. Mkeo ana mkutano."

"Basi nipe mimi!"

"Wewe? Sufuria unalijua, au unakijua kilichomo tu?"

Wenzake barazani walivunjika mbavu. Lisiate hakuwajali, aibu ya kuketi huku dada yake anafanya kazi ilikuwa kubwa kuliko vicheko vyao. Kalolaine akamkabidhi makumbi ya nazi ya kusugulia na kumpisha. Alijua fika kwamba mdogo wake anasugua kwa ajili ya dada, si kwa ajili ya mke. Hata hivyo, mikono ilikuwa imeshaloa.

Pisila akatoka amevaa, amependeza. Lisiate akamwinulia sufuria.

"Mama watoto, haya masizi ya chini huwa unayatoaje?"

Hakuwahi kuuliza. Pisila akamtazama kidogo.

"Kwa subira, baba watoto."

Akashika njia ya ukumbini. Jua lilikuwa kali, na nyuma yake alifuata Kalolaine, amemfungulia mwavuli wa maua.