Fundi wa Baiskeli za Kabla ya Vita

Kila mwaka mpya, wenye baiskeli kuukuu hukusanyika kibarazani kwa fundi wetu wa Ngamiani na kutoa ahadi: huyu hatapakia tena magunia mawili, yule atatia mnyororo mafuta kila Ijumaa. Fundi huwasikiliza huku akigonga spoki moja moja, sikio lake karibu kabisa na gurudumu. Sisi tuliamini huo ndio ufundi. Mwaka huu Mwatumu alileta baiskeli ya marehemu mumewe, aliyeanguka mteremkoni siku moja tu baada ya kuitoa hapa.

“Breki nzima, mwanangu,” fundi alisema.

Mwatumu alikishika kidole cha fundi, akakiweka mahali pa mpira wa breki. Palikuwa na chuma kitupu.

“Huoni, fundi?”

“Naona vivuli. Mwaka wa pili sasa.”

“Na mume wangu ukamwambia breki nzima?”

“Spoki zililia vizuri. Nikadhani inatosha.”

“Basi na wewe ahidi, mbele ya hawa.”

Fundi alipangusa mikono yake polepole, kidole baada ya kidole. “Sitashika tena breki ya mtu,” alisema. Wenye baiskeli wakaziinua zao, wakaondoka mmoja mmoja bila kumuaga, naye akawa anageuza uso kufuata kila mlio.